Nani Huamua Zahanati Ijengwe Wapi?

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Maneno haya ni yale yaliyosomwa redioni. Yamepigwa chapa ili wanafunzi wayasome polepole darasani baada ya kuyasikia.

Natumaini mmekwisha keti, taa inawaka, na kila mtu ana kalamu na daftari. Kama jirani yako hana kalamu, mwazime yako akimaliza kuandika jina lake, maana leo tutaandika maneno machache.

Neno la kwanza ni hili: HALMASHAURI. Lisomeni pamoja nami, kipande kwa kipande. Ha-l-ma-sha-u-ri. Tena. Ha-l-ma-sha-u-ri. Ni neno refu, lakini mnalisikia kila siku. Maana yake ni watu waliochaguliwa kukaa pamoja, kushauriana, na kuamua kwa niaba ya wengine. Hapa Tanzania kuna Halmashauri ya Kijiji, na kuna Halmashauri ya Wilaya. Watu wengi huzichanganya, na kwa sababu hiyo hupeleka shida zao mahali pasipostahili, wakangoja majibu yasiyokuja.

Sasa tuseme kuna kijiji kimoja. Sitakipa jina, kwa kuwa nimekibuni kwa ajili ya somo hili tu. Kijiji hiki kina vitongoji vitano. Kitongoji cha kwanza kipo barabarani, penye maduka na mashine ya kusaga, nacho kina nyumba 140. Vitongoji vitatu vipo katikati, vyenye nyumba 95, 80 na 70. Kitongoji cha mwisho kipo ng'ambo ya mto, chenye nyumba 45. Wale wenye kalamu wajumlishe. Ni nyumba ngapi? Naam, 430.

Kijiji hiki hakina zahanati. Mama akishikwa na uchungu usiku, hubebwa mpaka kijiji cha pili. Wakati wa masika, wale wa ng'ambo ya mto hungoja maji yapungue, na uchungu haungoji. Basi watu wamechoka. Wanataka zahanati yao.

Siku moja Mwenyekiti wa kijiji asema, "Nimekwisha amua. Tutajenga barabarani, penye kiwanja alichotupa mwenye duka." Je, Mwenyekiti anayo mamlaka ya kuamua hivyo peke yake?

Hapana. Hana.

Andikeni neno la pili: MKUTANO MKUU WA KIJIJI. Huu ndio mkutano wa watu wote wa kijiji waliotimiza miaka 18. Haidhuru ni mwanamume au mwanamke, ana shamba au hana, amesoma au ndiyo kwanza anajifunza kusoma kama ninyi. Kwa sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, Mkutano Mkuu ndio mkubwa kuliko wote katika mambo ya kijiji, nao hukutana kwa kawaida mara moja kila miezi mitatu. Halmashauri ya Kijiji, yenye watu kuanzia 15 mpaka 25, ni mtumishi wa mkutano huo. Mwenyekiti huchaguliwa na watu. Mtendaji wa Kijiji hachaguliwi. Yeye ni mwajiriwa, naye ndiye katibu, mwenye kuandika na kutunza karatasi. Basi mkutano ukiwa na Mwenyekiti hodari na katibu mvivu, maneno mazuri yatasemwa na hakuna litakaloandikwa. Nimeona mara nyingi neno lisiloandikwa likikanushwa mwaka wa pili na watu wale wale waliolisema.

Twende mkutanoni. Watu wameketi chini ya mwembe. Mwenye duka asimama, asema kwamba kiwanja chake ni zawadi, hataki hata senti moja, na kwamba gari la dawa litafika barabarani bila taabu. Watu wapiga makofi. Zawadi si jambo baya. Lakini mtu yeyote mwenye macho aona kwamba zahanati ikijengwa pale, wagonjwa na wasindikizaji wao watanunua chai, sukari na sabuni katika duka la jirani. Si dhambi kutafuta riziki. Ila yafaa neno hili lisemwe wazi mkutanoni, lisinong'onwe njiani wakati wa kurudi nyumbani.

Kisha bibi mmoja wa ng'ambo ya mto aomba kusema. "Mwenyekiti, mwanangu, mimi sijui hesabu nyingi. Lakini kutoka kwangu mpaka barabarani ni kilomita saba. Hadi hapa tulipoketi ni kilomita nne. Mtoto mwenye homa ya malaria humbeba mgongoni. Ninyi wanaume mnakwenda na baiskeli."

Mwalimu mmoja achukua kijiti, achora chini. Nyumba za katikati ni 95, na 80, na 70. Jumla 245. Ukiongeza na 45 za ng'ambo, zapata 290. Nyumba 290 zitakuwa karibu zaidi zahanati ikijengwa katikati, na nyumba 140 zitakuwa karibu zaidi ikijengwa barabarani. Mzee mmoja wa barabarani ajibu, "Sawa, lakini gari la dawa litapitaje kwenye njia ya katikati wakati wa mvua? Pale bondeni gari hukwama kila masika." Naye asema kweli. Zahanati iliyo karibu lakini haina dawa haimsaidii bibi wala mjukuu wake.

Mwaona sasa kwamba kuamua si kupiga kelele. Upande mmoja una haki ya umbali, upande mwingine una haki ya njia. Wakikubaliana kujenga katikati, hapana budi waombe kalavati bondeni. Wakijenga barabarani, hapana budi wafikirie watu wa ng'ambo. Mimi ningechagua katikati, kwa sababu kalavati hujengwa mara moja, lakini kilomita tatu za nyongeza hutembewa kila siku na mwenye kuugua. Lakini mimi si mkazi wa kijiji kile. Darasa lenu laweza kuamua vingine, nanyi mseme kwa nini.

Kuna jambo jingine la katikati. Pale mahali panapofaa pana shamba la mihogo la mjane mmoja, ekari mbili. Wengine wasema, "Ardhi ni ya kijiji, apishe tu." Hapa twende polepole. Ni kweli kwamba kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, Halmashauri ya Kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Lakini kusimamia si kunyang'anya. Mtu akiondolewa katika shamba lake kwa ajili ya manufaa ya wote, anastahili fidia kamili, ya haki, na kwa wakati. Andikeni neno hilo: FIDIA. Mjane huyu anaweza kupewa shamba jingine linalolingana na lile, pamoja na malipo ya mihogo yake, na hayo yote yaandikwe na kutiwa sahihi kabla jembe la kwanza halijapiga udongo. Asiyejua kusoma ndiye anayeambiwa, "Tia kidole hapa, mambo mengine baadaye." Ndiyo maana tunasoma karatasi kwanza, na kidole kinafuata.

(Hapa kiongozi wa darasa asimamishe kidogo, wanafunzi waandike: mkutano mkuu, halmashauri, fidia.)

Tuendelee. Tuseme mkutano umeamua katikati, na mjane amekubali. Nini sasa?

Vijiji vingi hapa hufanya kosa moja. Hufurahi, huchanga, hufyatua matofali, hunyanyua kuta mpaka kwenye lenta, kisha hukwama. Mmekwisha yaona maboma hayo. Kuta zimesimama, hazina bati, majani yameota ndani, mbuzi wamelala. Kila boma kama hilo lina jasho la watu ndani yake. Mara nyingi chanzo ni kwamba kijiji kilianza kujenga kabla ya kuzungumza na Halmashauri ya Wilaya. Zahanati ina ramani yake. Mhandisi wa Halmashauri hana budi kuona kiwanja na kutoa ramani, na Mganga Mkuu wa Wilaya hana budi kujua kwamba zahanati inakuja. Kuta zikijengwa kwa kukisia, chumba cha kuzalia kikawa chembamba hata kitanda hakigeuki, mhandisi atasema bomoa, naye hatakuwa amekosea.

Juu ya michango, neno moja. Mkutano unaweza kuamua kwamba kila nyumba itoe fedha kiasi fulani, au siku za kazi, au mchanga, mawe na maji. Mwenye kutoa fedha apewe stakabadhi, hata kama ni shilingi elfu moja. Wazee na wagonjwa waweza kusamehewa, na majina yao yasomwe mkutanoni ili isiwe siri ya mtu. Na yule asiyetoa? Kijiji chaweza kutunga sheria ndogo, lakini sheria ndogo ya kijiji haina nguvu mpaka ipitishwe na Mkutano Mkuu na kukubaliwa na Halmashauri ya Wilaya. Kama hakuna sheria ya namna hiyo, mgambo hana ruhusa kuingia uani kwa mtu na kuondoka na kuku wake. Akija, mwulize kwa upole, "Ndugu, sheria hiyo iko wapi, niisome?"

Sasa twende wilayani. Safari ya ombi la kijiji hupita katika kata. Huko kuna Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mwenyekiti wake ni Diwani, wenyeviti wa vijiji vyote vya kata ni wajumbe, na katibu ni Mtendaji wa Kata. Hapo maombi ya vijiji hupangwa, kwa sababu kila kijiji kina shida yake. Kijiji cha jirani chataka nyumba ya walimu. Kingine chataka vyoo vya shule.

Kutoka hapo ombi huenda Halmashauri ya Wilaya. Wataalamu huliangalia. Kisha kamati za madiwani hulijadili. Mambo ya zahanati huenda katika kamati ya elimu, afya na maji; mambo ya fedha huenda katika kamati ya fedha, utawala na mipango. Mwisho huletwa mbele ya Baraza la Madiwani wote. Baraza hilo hukutana kila miezi mitatu, na mwananchi anaruhusiwa kuingia na kusikiliza. Huwezi kusema humo, lakini unaweza kuketi, na kumsikia Diwani wako kama anasema au anasinzia.

Neno la wakati lina uzito hapa. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Bunge hujadili bajeti kati ya Aprili na Juni. Lakini mipango ya wilaya huandaliwa miezi mingi kabla ya hapo. Kijiji kinachopeleka ombi mwezi wa Mei kimemkuta mpishi amekwisha funika chungu. Yafaa mkutano wenu mkubwa wa mipango ufanyike kabla mwaka haujaisha, ombi liwe kata mapema.

Na ombi lishindalo ni lipi? Diwani mwenye sauti kubwa husaidia, sikatai. Lakini kinachosaidia zaidi ni karatasi. Andikeni neno hili: MUHTASARI. Muhtasari ni maandishi ya mkutano: tarehe, waliohudhuria, waliyosema, waliyoamua. Ombi lenye muhtasari, hesabu ya nyumba, ramani ya mhandisi, karatasi ya kiwanja na hesabu ya michango ni gumu kulisukuma pembeni. Ombi lililosemwa tu kwa mdomo husahaulika mara mkutano ukifungwa.

Fedha za Halmashauri zatoka wapi? Nyingi hutoka Serikali Kuu. Nyingine hukusanywa pale pale wilayani: ushuru wa masoko, leseni, na ushuru wa mazao, ambao mwaka 2017 ulipunguzwa kutoka asilimia 5 ukawa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Wazee wetu wanaikumbuka kodi ya kichwa, na jinsi watu walivyokimbilia porini mtoza kodi akija. Kodi ya maendeleo iliyofanana nayo ilifutwa mwaka 2003. Watu walifurahi, nami nilifurahi. Lakini tangu siku ile mfuko wa wilaya umetegemea zaidi fedha za kutoka juu, na mwenye fedha hupenda kusema zitumikeje.

Hao wazee waliovuka miaka sabini wanaweza kutusimulia zaidi. Chini ya Waingereza, kuanzia mwaka 1926, mambo ya mahali yaliwekwa mikononi mwa machifu. Mwaka 1953 ikatungwa sheria ya kuanzisha mabaraza. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, utawala wa machifu ukafutwa. Kisha mwaka 1972 mabaraza ya wilaya yenyewe yakaondolewa, kazi zake zikashikwa na maofisa wa Serikali Kuu. Nia ilikuwa kupeleka madaraka karibu na watu, lakini madaraka yaliyopelekwa yalikuwa ya maofisa, si ya waliochaguliwa. Mwaka 1982 Bunge lilitunga sheria za kurudisha Serikali za Mitaa, na mwaka 1984 zikaanza kazi tena. Basi Halmashauri mnayoilalamikia leo iliwahi kukosekana kabisa kwa miaka kumi na zaidi.

Turudi kwenye kalavati ya bondeni. Wengi wangeipeleka kwa Mkurugenzi wa Halmashauri. Zamani ingekuwa sawa. Lakini tangu mwaka 2017 barabara za vijijini na mijini zimo chini ya wakala wa Serikali uitwao TARURA. Na maji ya vijijini, tangu sheria ya mwaka 2019, yamo chini ya wakala mwingine uitwao RUWASA, pamoja na vyombo vya watumiaji maji walivyounda wananchi wenyewe. Kwa hiyo kijiji chetu kina milango mitatu: zahanati kwa Halmashauri, kalavati kwa TARURA, bomba la maji la zahanati kwa RUWASA. Ni taabu kwa mtu wa kijijini, nami sioni kwa nini amshike mmoja leo na mwingine kesho ili apate jengo moja lenye njia na maji. Lakini ndivyo ilivyo, na Diwani wenu anapaswa kuwajua wote watatu. Kuhusu maji, kumbukeni pia hesabu iliyowekwa na sera ya maji ya mwaka 2002: kituo kimoja cha maji kwa watu 250, na mtu asitembee zaidi ya meta 400. Mwende mkapime kwa miguu yenu.

Wasikilizaji wetu wa mijini, kwenu hakuna kijiji bali mtaa, lakini Diwani na kamati ya kata ni vile vile. Na wale wanaotusikia kutoka Kenya, kwenu mambo ya zahanati yamo mikononi mwa serikali za kaunti, 47 kwa jumla, kwa Katiba ya mwaka 2010, nayo Katiba hiyo yataka wananchi washirikishwe kabla ya kuamua.

Sasa jambo la mwisho, nalo ndilo linalosahauliwa zaidi. Zahanati imekwisha. Bati linang'aa. Kiongozi amekuja, amekata utepe. Kesho yake nani atafungua mlango? Zahanati yahitaji tabibu, yahitaji muuguzi wa kuzalisha, na watu hao wahitaji nyumba ya kulala, ama sivyo watakaa mjini na kuja siku wanapopata usafiri. Yahitaji dawa kila mwezi, jokofu la chanjo, maji, na mtu wa kufagia. Kujenga hugharimu mara moja. Kuendesha hugharimu kila mwezi, miaka yote. Kwa hiyo mkutano uliojenga zahanati usivunjike. Kila zahanati ina kamati yake, yenye wananchi ndani yake, na tangu mwaka wa fedha 2017/2018 fedha za Serikali zimekuwa zikipelekwa moja kwa moja katika akaunti ya zahanati yenyewe. Maana yake ni kwamba hesabu ipo pale pale kijijini. Hamna haja ya kupanda basi kwenda wilayani kuuliza. Mnaweza kumwuliza mjumbe wa kamati anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwenu: zilikuja ngapi, zilinunua nini?

Tena si kila jambo la afya lingoje baraza. Mwaka 1973 madarasa ya redio kama haya yetu, katika kampeni ya Mtu ni Afya, yalisikiliza somo jioni na kesho yake watu wakachimba vyoo. Choo cha nyumbani hakihitaji Diwani. Zahanati yahitaji.

Sasa kazi ya darasa. Kiongozi asome maswali haya polepole, na kila mtu ajibu kwa zamu.

Mkutano Mkuu wa mwisho wa kijiji chenu ulifanyika lini? Ni wangapi hapa darasani walihudhuria? Waliozungumza walikuwa wanaume wangapi, wanawake wangapi?

Kutoka nyumba iliyo mbali kuliko zote mpaka zahanati ni kilomita ngapi? Wakati wa masika njia inapitika?

Je, kuna boma katika kijiji chenu ambalo halijaisha? Lilianza mwaka gani, na muhtasari wake uko wapi?

Baada ya kuzungumza, kila mwanafunzi aandike barua ya mistari mitano kwa Mtendaji wa Kijiji, kuomba asomewe hesabu ya mapato na matumizi ya miezi mitatu iliyopita. Andika tarehe juu, upande wa kulia. Andika jina lako chini, kwa mkono wako mwenyewe. Kiongozi azisahihishe barua hizo, kisha ile iliyo bora ipelekwe kweli.

Kwa herini, mpaka kipindi kijacho.